Nikiswali nyuma ya imamu wa madhehebu nyingine, swala yangu inasihi?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nimelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii. Imamu wa msikiti ninaoswali sasa ni wa madhehebu ya Hanafi. Hasomi Bismillahi kwa sauti, Alfajiri haleti kunuti (dua inayosomwa ukiwa umesimama), na mwenzangu ameniambia kwamba kwao kumgusa mke hakutengui udhu. Alfajiri mimi hubaki nimesimama mpaka nimalize kunuti yangu yote, ndipo nimfuate. Mara nyingine namkuta yumo kwenye sijda ya pili. Na Fatiha siku hizi siisomi nyuma yake, maana amina ikishaitikiwa anaingia kwenye sura moja kwa moja, nikaona yake inanitosha. Je, swala zangu zinasihi? Na zilizopita nizirudie?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kumfuata imamu huyo kunasihi, endelea na jamaa wala usiiache. Lakini ndugu yangu, uliyoyatanguliza katika swali lako ndiyo mepesi. Mazito ni yale mawili uliyoyataja mwishoni kwa kupita: kunuti yako ndefu na Fatiha unayoiacha. Hayo hayamhusu imamu, yako mikononi mwako.

Tuanze na imamu. Suala ambalo mafakihi wamelijadili ni hili: imamu na maamuma (anayeswali nyuma yake) wakihitilafiana juu ya kinachobatilisha swala, itikadi inayozingatiwa ni ya nani? Kwa Mamaliki, mambo ya sharti za swala yenyewe huangaliwa kwa madhehebu ya imamu. Kwa Mahanbali, imamu akiacha jambo ambalo wewe unaliona wajibu na yeye halioni hivyo, swala yako nyuma yake ni sahihi. Imamu Ahmad alikuwa akiona kwamba kuumikwa (kutolewa damu kwa chuku) kunatengua udhu. Alipoulizwa kama angeswali nyuma ya mtu aliyeumikwa asitawadhe, alijibu kwamba vipi asiswali nyuma ya Malik na Said bin al-Musayyib, ambao hawakuona kuwa kunatengua.

Kwa Mashafii mjadala ni mrefu zaidi. An-Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametaja katika kitabu chake Al-Majmu' kauli nne za wanavyuoni wa madhehebu hiyo. Al-Qaffal alisema swala inasihi kwa hali yoyote, kwa kuangalia itikadi ya imamu. Abu Ishaq al-Isfarayini alisema haisihi kabisa. Kauli ya tatu inasema inasihi ukiwa na uhakika kwamba imamu ameyatimiza yote unayoyaona wajibu. Ukiwa na shaka, haisihi. Ya nne, ambayo An-Nawawi ameitaja kuwa ndiyo sahihi zaidi na ndiyo ya walio wengi, inasema haisihi pale tu unapokuwa na uhakika kwamba ameacha kitu cha wajibu kwako. Ukiwa na uhakika kwamba ametimiza, au ukiwa na shaka, inasihi.

Ishike hiyo ya nne. Shaka haikudhuru. Wanavyuoni wamelieleza hilo kwa kusema kwamba imamu hudhaniwa wema, kuwa huchunga hitilafu za wenzake. Basi hilo la mkewe si lako kulichunguza. Ni kweli kwamba kwa Mahanafi kumgusa mwanamke hakutengui udhu, na kwa Mashafii kunatengua. Lakini wewe hukumwona akigusa kisha akasimama kuswalisha bila kutawadha. Umeambiwa tu kuhusu madhehebu yake, na madhehebu ya mtu si ushahidi wa alichofanya kabla ya swala. Mwenzako huyo amekutia wasiwasi ambao sharia haikukutwisha.

Yule unayemjua kwa uhakika ndiye mwenye hukumu tofauti. An-Nawawi ametoa mfano katika kitabu chake kingine, Al-Minhaj: Shafii amemfuata Hanafi aliyeigusa tupu yake, au aliyetoboa mshipa kutoa damu, naye hakutawadha. Katika kugusa tupu haisihi, kwa kuwa kwa Shafii udhu umetenguka. Katika kutoa damu inasihi, ingawa imamu mwenyewe kwa madhehebu yake hana udhu, kwa kuwa kwa maamuma udhu haujatenguka. Kinachoangaliwa hapo ni itikadi ya anayefuata.

Bismillahi nayo isikusumbue. Kwa Mashafii ni aya katika Fatiha, na husomwa kwa sauti katika swala za sauti. Miongoni mwa dalili zao ni hadithi ya Nuaym al-Mujmir aliyeswali nyuma ya Abu Hurayra akamsikia akiisoma. Mahanafi na Mahanbali wameshika hadithi ya Anas, kwamba Mtume (rehma na amani zimshukie), Abu Bakr na Umar walikuwa wakifungua kisomo kwa Alhamdulillahi Rabbil alamin. Lakini hawaiachi: wanaisoma kimya. Imamu wako basi huenda ameisoma, wewe hukuisikia tu, na kutoisikia si kuwa na hakika kwamba hakuisoma.

Wenye hukumu nzito zaidi katika hili ni Mamaliki, kwani kwa kauli yao mashuhuri kuisoma katika swala ya faradhi ni makuruhu. Hata hivyo Al-Mazari, mwanachuoni mkubwa wa Kimaliki aliyefariki mwaka 536 Hijria, alikuwa akiisoma kimya. Alipoulizwa, alijibu kwamba kwa Malik anayeisoma swala yake haibatiliki, na kwa Shafii anayeiacha swala yake inabatilika. Alitaka swala ambayo wote wawili wataikubali. Napenda kila imamu anayeswalisha watu wa madhehebu mchanganyiko aijue habari hii.

Sasa kunuti, na hapa naomba unisome taratibu. Kwa Mashafii kunuti ya Alfajiri ni sunna, baada ya kuinuka kutoka rukuu ya rakaa ya pili. Kwa Mamaliki inapendekezwa, kimya, na ni bora iwe kabla ya rukuu. Kwa Mahanafi na Mahanbali haipo katika Alfajiri isipokuwa umma ukifikwa na msiba. Kwa hiyo imamu wako hakufanya kosa. Swali ni wewe ufanye nini anapoinuka kutoka rukuu na kushuka sijda.

Ukiweza kuomba ukamwahi angali katika sijda ya kwanza, ni sunna uombe. Ukijua hutamwahi ila katika kitako baina ya sijda mbili, unaruhusiwa, lakini kuacha ni bora. Ama kubaki umesimama kwa makusudi mpaka yeye anashuka sijda ya pili, hilo halifai, na kwa anayejua hukumu linabatilisha swala. Hesabu mwenyewe: imamu amemaliza sijda ya kwanza, amemaliza na kitako, nawe bado uko kwenye itidali, yaani kisimamo cha baada ya rukuu. Umebaki nyuma kwa nguzo mbili za vitendo bila udhuru, na kutafuta sunna si udhuru wa kubaki nyuma kiasi hicho. Inaniuma kuona mtu anaipoteza faradhi kwa sababu ya kuipenda sunna.

Na wala huhitaji kunuti ndefu. Kwa Mashafii kunuti hupatikana kwa maneno yoyote yenye dua na sifa za Mwenyezi Mungu, hata ukisema “Allahummaghfir li ya Ghafuru” tu. Unaweza kuyasema imamu akiwa ndiyo kwanza anainama kwenda sijda, ukamwahi kabla hajainua kichwa. Baada ya imamu kutoa salamu, ni sunna kwako ulete sijda mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu yako, kwa kuwa katika itikadi yako swala ya imamu ilipungukiwa na sunna. Usipozileta, swala yako ni sahihi.

Tuje kwenye Fatiha. Mahanafi wanasema maamuma hasomi kabisa nyuma ya imamu, na wanashika aya ya 204 ya Suratul Aaraf inayoamrisha Qurani inaposomwa isikilizwe na kunyamaziwa. Mamaliki wanapendekeza maamuma asome katika swala za kimya tu. Mahanbali hawamlazimishi, ila wanapenda asome katika swala za kimya na imamu anaponyamaza kidogo. Mashafii peke yao katika hao wanne wanasema ni wajibu kwa kila maamuma katika kila rakaa, za sauti na za kimya, kwa hadithi ya Ubada bin as-Samit iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba hana swala asiyesoma Fatiha. Wewe unajinasibisha na madhehebu hiyo. Huwezi kuishika kwenye kunuti ambayo ni sunna, ukaiacha kwenye Fatiha ambayo ni nguzo.

Unasema huna nafasi ya kusoma. Nafasi unayo. Imamu akiingia kwenye sura, wewe anza Fatiha yako kimya hapo hapo. Kwa Mashafii kusikiliza sura ni sunna, na sunna haizuii nguzo. Tuseme imamu amesoma sura fupi akaenda rukuu, nawe umefika “Iyyaka naabudu”. Usiikate, na usikimbize mpaka herufi zikapotea. Kamilisha Fatiha, kisha rukuu, itidali, sijda, kitako na sijda, ukimfuata nyuma kwa mpangilio huo huo. Kwa mtu aliyeuwahi muda wa kusoma Fatiha lakini kisomo chake ni cha taratibu kwa maumbile, huo ni udhuru, na anasamehewa kubaki nyuma kwa nguzo tatu ndefu, yaani rukuu na sijda mbili. Itidali na kitako baina ya sijda ni nguzo fupi, hazihesabiwi hapo.

Mpaka wa msamaha ni pale imamu anaposimama kwa rakaa inayofuata au kukaa tahiyatu, nawe bado hujamaliza Fatiha. Ikifika hapo una mambo mawili. Ama umfuate pale alipo, ukaacha mpangilio wako, na baada ya salamu yake ulete rakaa moja. Ama unuie kutengana naye ukamalizia peke yako. Hilo la pili linajuzu, lakini la kwanza linakubakisha kwenye jamaa, nami ndilo ninalokushauri.

Aliyeikuta jamaa imeshaanza ana hukumu nyingine. Ukiingia imamu akiwa amesimama na muda uliobaki hautoshi Fatiha, usisome dua ya kufungulia swala. Anza Fatiha moja kwa moja, na akienda rukuu nenda naye. Kilichobaki kimekudondokea, kakibeba imamu. Ukimkuta tayari kwenye rukuu, leta takbiri ya kuhirimia umesimama wima, kisha urukuu. Ukitulia kwenye rukuu kabla hajainuka, umeipata rakaa.

Kuhusu swala zilizopita. Zile ulizochelewa kwa ajili ya kunuti hukujua hukumu yake, na ni jambo linalofichikana kwa watu wengi, kwa hiyo hazikubatilika. Ulizoacha Fatiha, kwa madhehebu ya Shafii peke yake zingehitaji kurudiwa. Lakini uliziswali ukiamini kwamba kisomo cha imamu kinakutosha, na hiyo ndiyo kauli ya maimamu watatu kati ya wanne. Wako wanavyuoni wa Kishafii waliokubali mtu wa kawaida afuate kauli ya imamu mwingine hata baada ya kitendo kupita, maadamu alipofanya hakuwa akijua kuwa kinabatilika. Kwa hiyo sikulazimishi kuzirudia. Ukitaka kujitoa kwenye hitilafu ukazikidhi kidogo kidogo, ni hiari yako. Kuanzia sasa umeshajua, basi isome.

Nyumba ya Mwenyezi Mungu huko Makka ilipita karne nyingi ikiwa na maimamu wa madhehebu mbalimbali, kila kundi na imamu wake. Msafiri Ibn Jubayr aliwakuta hivyo mwaka 579 Hijria, na hali hiyo iliendelea hadi utawala wa Saudi ulipoingia Makka katika miaka ya 1920, watu wakakusanywa nyuma ya imamu mmoja. Masahaba hawakuswali kwa mafungu namna ile. Khalifa Uthman alipoiswali swala kamili huko Mina, rakaa nne badala ya mbili za safari, Ibn Masud alimpinga kwa maneno, kisha akaswali nne pamoja na watu. Alipoulizwa, alisema: “Kuhitilafiana ni shari.”

Na siku imamu akikosekana wakakutanguliza wewe, nyuma yako watakuwa Mahanafi. Soma Bismillahi kwa sauti na ulete kunuti yako, wala usihofu: Abu Hanifa na mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan wanasema maamuma wao atasimama kimya mpaka umalize, na mwanafunzi wake mwingine, Abu Yusuf, anasema atakufuata. Lakini kama umejikata kabla ya swala damu ikachuruzika, tawadha upya, hata kama kwako udhu bado upo. Kwao umetenguka, na wao ndio watakaokuwa nyuma yako.