Baba anatetemeka: tuache levodopa tumpe vidonge vya mitokondria?

Swali: Daktari, salamu kutoka Arua. Baba ana ugonjwa wa Pakinsoni na anameza levodopa. Muuzaji mmoja anatuletea vidonge vya koenzaimu Q10, kitu ambacho mitokondria hukitumia kutengeneza nishati, anasema ugonjwa huu ni mitokondria kuchoka, kwa hiyo tuache dawa za hospitali. Ni kweli?

Jibu: Dada yangu, habari ya mitokondria ina ukweli mwingi. Lakini levodopa msiache.

Mitokondria ni vijisehemu ndani ya seli vinavyotumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nishati. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake, kwa hiyo hitilafu hapa huonekana upesi.

Bila shaka unaujua utupa, mmea unaopandwa shambani kufukuza fuko, ambao wavuvi huponda majani yake na kuyatia mtoni. Samaki huelea wakiwa wamekufa ilhali oksijeni imo majini: sumu yake, rotenoni, huziba hatua ya kwanza ya mitokondria kuitumia. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwatilia panya rotenoni kidogo kidogo, na seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, zikafa, zilezile zinazokufa kwa mgonjwa wa Pakinsoni. Mwaka 1982 vijana kadhaa wa California walijidunga heroini bandia yenye MPTP, sumu inayoziba hatua hiyohiyo. Wakakakamaa mwili kama wagonjwa wa Pakinsoni ndani ya siku chache.

Kuna pia jeni za PINK1 na Parkin, ambazo kazi yake ni kutambua mitokondria mbovu ili iondolewe. Zikiharibika, Pakinsoni huweza kumpata mtu angali kijana.

Sasa vidonge. Q10 ilijaribiwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 600, hadi miligramu 2400 kwa siku. Matokeo ya 2014 yalionyesha haikupunguza kasi ya ugonjwa hata kidogo. Iliniuma, maana wengi wetu tuliitumainia.

Levodopa haitibu mitokondria, ila huupa ubongo malighafi ya dopamini, ndiyo maana mzee anaweza kushika kikombe. Ikikatwa ghafla mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda hadi kuhatarisha maisha. Kama ameshaacha, nakusihi mpeleke kwa daktari wake leo hii. Usimrudishie dozi nzima mwenyewe.