Usiyakate, mkuu: matangazo ya zamani ya redio, friji na cherehani, na namna ya kujua mwaka

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Moja, uyakate matangazo kutoka kwenye yale magazeti ya marehemu babu uyapange kwenye albamu, au uyaache yalivyo? Pili, vile vipande alivyokata mwenyewe zamani utajuaje ni vya mwaka gani? Nimekusanya matangazo ya vyombo vya nyumbani tangu nikiwa chuo, basi nivumilie nijibu kwa kirefu.

La kwanza ni jepesi: weka mkasi chini. Tangazo likishatoka kwenye ukurasa wake linabaki picha ya kupendeza tu. Ukurasa mzima unakutajia gazeti, tarehe na majirani wa tangazo, na hao majirani wanasema mengi. Redio iliyopangwa chini ya bei za pamba na kahawa ilikuwa inamtafuta mkulima aliyetoka kulipwa msimu. Redio ileile ikikaa pembeni ya ratiba za sinema za Empire na Avalon, inamtafuta kijana wa Dar mwenye mshahara. Skani ukurasa wote, halafu ukitaka tangazo peke yake likate kwenye kompyuta.

Kwa vipande vilivyokwisha kukatwa, kabla ya yote geuza nyuma. Ninacho kimoja nilichokipata kwa wauza vitabu vya mtumba pale barabara ya Samora, Dar. Mbele kuna redio juu ya stuli, baba kwenye kiti, watoto wamekaa mkekani, bei imeandikwa kwa shilingi. Jina la gazeti hakuna, tarehe hakuna. Nyuma kuna nusu ya habari ya mpira, na timu inayotajwa ni Sunderland. Wana Simba mnajua, hilo ni jina la zamani la klabu yenu, lilitumika hadi 1971. Rudi mbele: anuani ya duka ni Independence Avenue, ambayo zamani ilikuwa Acacia Avenue na leo ndiyo Samora. Kwa hiyo tumeshavuka uhuru wa 1961. Mwisho wa anuani pameandikwa Tanzania, si Tanganyika, na jina hilo lilianza kutumika Oktoba 1964. Hapo kipande kisicho na tarehe kimebanwa kati ya mwisho wa 1964 na 1971, na sijagusa hata kitabu.

Majina ya mitaa ndiyo silaha yangu kubwa. Kwa Nairobi, Delamere Avenue ni Kenyatta Avenue ya leo, na Victoria Street ilikuja kupewa jina la Tom Mboya, aliyeuawa Julai 1969. Stesheni za redio nazo husaidia: tangazo likikuambia redio hii inakamata Sauti ya Dar es Salaam vizuri, uko miaka ya 1950. Likisifia transista, si kabla ya 1954, maana ndipo redio ya kwanza ya transista ilipoingia sokoni Marekani, na huku zilichelewa. Televisheni kwenye gazeti la Kenya ni kuanzia 1962 hivi. Zanzibar ilianza kurusha 1973, bara tukasubiri hadi 1994.

Usidanganywe na mchoro, lakini. Wachapaji walitumia klishe (bamba la kuchapia picha) ileile miaka na miaka, mama yuleyule mwenye gauni la kiuno chembamba anashona kwa Singer mpaka fasheni yake imekwisha duniani. Anayekadiria mwaka kwa nguo tu anabahatisha.

Ninayoyapenda kuliko yote ni ya friji za mafuta ya taa. Vijana wa siku hizi wakiona moto mdogo umechorwa chini ya friji wanadhani mchoraji kachanganyikiwa. Friji ile haina mota. Wasweden wawili, von Platen na Munters, waliibuni 1922 wakiwa bado wanafunzi, Electrolux ikaanza kuiuza 1925. Utambi unachemsha amonia iliyo ndani ya maji, mvuke wake unapoa na kuwa kimiminika, kimiminika kinageuka tena mvuke na kuvuta joto la ndani, kisha amonia inarudi kwenye maji, mzunguko unaanza upya. Haina kelele, na inafanya kazi pasipo na umeme. Ndiyo maana misheni, zahanati na maduka ya mbali na nguzo za umeme walizitaka. Kwenye tangazo la namna hii tazama vipimo pia: ukubwa kwa futi za ujazo badala ya lita ni dalili ya zamani.

Ukianza kuyaweka hapa jukwaani, skani kwa 600 dpi (nukta kwa inchi). Ukitumia ndogo, nukta za uchapaji zinakuletea mawimbi usoni mwa watu. Usiyapitishe kwenye programu za kutia rangi. Ile njano ya karatasi ni sehemu ya kumbukumbu. Jina la faili liwe gazeti, tarehe na ukurasa, si "redio kali ya zamani". Na tafadhali, kuna mtindo wa watu kugonga jina lao katikati ya picha kana kwamba wao ndio waliotengeneza hiyo pasi. Weka pembeni kama lazima.

Karatasi zenyewe zilaze bapa, mbali na jua. Selotepu inaacha doa la kahawia lisilotoka, na plastiki ya leminesheni ukishaipitisha hairudi nyuma. Gazeti ambalo ni bovu mno, jaribu kutafuta toleo lake kwenye mkusanyo wa East Africana pale maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Nyaraka za Taifa. Kwa Zanzibar, nenda kwenye nyaraka zao pale Kilimani.

Lile tangazo la friji uliloliweka hapa jana, chini kabisa nikikuza picha nasoma Delamere Avenue, kwa hiyo nalihesabu ni la enzi za mkoloni, au duka lilichelewa kubadilisha anuani. Tuwekee upande wa nyuma tulibane zaidi.