Waya wa maiki kwenye rili ya kujivuta: shildi ndo inakufa kwanza, na waya mnene hausaidii

Asalaam aleikum wana jukwaa. Kwa aliyechelewa uzi huu, ndugu yetu wa Wete kauliza hivi: chuoni (madrasa) kwao wamefunga rili ya ukutani, ile ya springi inayojivuta wenyewe, waya wa maiki mita 6, watoto wanapokezana maiki wakati wa kusoma na wakimaliza waya unarudi ukutani ili wadogo wasikwazwe. Kila baada ya miezi mitatu minne maiki inaanza kuvuma, halafu inakatakata, mwisho kimya. Keshabadilisha waya mara tatu, mara ya mwisho kanunua mnene wa mm 9 akiamini huo ndo utadumu, na huo umekufa mapema kuliko wote. Anataka kujua tatizo nini na atafute waya gani.

Sheikh wangu, swali lako nalijua vizuri maana limenikosesha usingizi mwaka mzima. Miye nafanya kazi za vipaza sauti hapa Unguja mjini tangu 2006, na kuna sehemu moja Mji Mkongwe nilifunga rili nne kwenye meza ya mikutano, zote nne zikafa kwa zamu, na kila nikibadilisha waya nikiweka mzito zaidi mambo yanakuwa yale yale. Mwisho nikachukua nyaya zote zilizokufa nikakaa nazo nyumbani nikazipasua kwa wembe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nyaya mbili za katikati, zile zinazobeba sauti, nyingi zilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni shildi, ile nguo ya shaba inayozizunguka. Imekatika vipande vipande kwenye sehemu tatu, pale waya unapofungwa kwenye dramu (lile gurudumu la kuviringishia waya) ndani ya rili, pale unapotoka kwenye tundu la rili, na pale mtu anapozoea kusimamisha waya kila siku ili ule ulimi wa springi ushike. Kati ya hapo na hapo shildi inang'aa kama mpya.

Kabla hujapasua chochote unaweza kujua kwa kusikiliza tu. Maiki ya kawaida ya dainamiki, isiyohitaji kulishwa umeme, shildi ikikatika inaendelea kusema lakini unapata ule mvumo mzito wa umeme wa 50 Hz. Maiki ya kondensa inayolishwa volti 48 kutoka kwenye mikisa inakufa kabisa, kwa sababu umeme ule unakwenda na nyaya mbili za katikati na unarudi kwa shildi, njia ya kurudi ikikatika basi hakuna maiki. Kwa maelezo yako, kuvuma kwanza kisha kukatakata kisha kimya, shildi ilitangulia na nyaya za kati zikafuata kwa sababu mzigo wote wa kuvutwa ulibaki kwao.

Sasa kwa nini mnene kafa mapema, hapa naomba uvumilie hesabu kidogo maana ndo penye jibu lako lote. Chukua waya wa mm 6 uuzungushe kwenye dramu yenye kipenyo cha mm 60. Upande wa nje wa kona lazima urefuke na wa ndani ufupike. Kama vitu vya ndani vimegandana pamoja kama kijiti, upande wa nje unavutika karibu asilimia 9, ni 6 gawa kwa 66. Waya wako wa mm 9 kwenye dramu ile ile unavutika asilimia 13. Hakuna shaba inayovutwa na kurudishwa hivo kila siku ikapona. Lakini sasa chukua uzi mmoja tu wa shaba wa mm 0.1, uache ujikunje peke yake ukiteleza pembeni ya wenzake bila kung'ang'aniwa, huo ni 0.1 kwa 66, yaani asilimia 0.15 tu. Umeona tofauti ilivo? Kwa hiyo waya wa rili unataka nyuzi nyembamba sana na ndani kila kitu kiwe huru kuteleza, unene si dawa, unene ndo maradhi yenyewe.

Walioona bibi zetu wakisokota kamba ya usumba wataelewa haraka. Kamba ile ukiikunja haikatiki kwa sababu kila unyuzi haukai upande mmoja, unazunguka, mara uko nje ya kona mara uko ndani, unapovutwa huku unapata nafasi kule. Waya mzuri wa rili umesokotwa hivo hivo na msokoto wake uwe mfupi, mizunguko ya karibu karibu. Nyaya zilizolazwa zimenyooka tu ndani ya ganda ni za kufunga ukutani na kusahau, usizitie kwenye rili hata kidogo. Kwenye viwango vya kimataifa vya nyaya, IEC 60228, nyaya laini ni daraja la 5 na la 6, waya wa mm² 0.5 wa daraja la 5 nyuzi zake hazizidi mm 0.21 na wa daraja la 6 hazizidi mm 0.16, na kwa rili miye natafuta laini zaidi ya hapo, mm 0.1 au 0.08 ukipata. Kuna na zile nyaya za mkono wa simu za mezani za zamani, ukipasua unakuta uzi wa nguo umeviringishiwa utepe mwembamba mno wa shaba, zile zinakunjika karibu milele lakini zinapunguza umeme na kuzilehemu ni tabu, kwa maiki za chuo sizipendekezi.

Tuje kwenye shildi yenyewe. Ziko za aina tatu utakazokutana nazo dukani. Ya kwanza ni karatasi ya alumini iliyobandikwa juu ya plastiki, inafunika asilimia 100 na ni rahisi, lakini ni kama ile karatasi ya ndani ya pakti ya sigara, ikunje mara chache tu inapasuka, na ikishapasuka mipasuko haionekani kwa nje. Waya wako wa mm 9 nina uhakika mkubwa ndani yake kuna hii maana nyaya nene za bei nafuu karibu zote ndo zilivyo. Ya pili ni ya kusuka, nyuzi zinapishana juu chini kama ukili wa mkeka, hufunika kama asilimia 85 mpaka 95, ina nguvu ya kuvutwa, ila pale zinapopishana zinasuguana zenyewe kwa zenyewe kila waya unapokunjwa, na unakuta vumbi jeusi ndani. Ya tatu ni ya kusokota, nyuzi zote zinazunguka upande mmoja kama usumba, hii ndo laini kuliko zote na kwa sauti inatosha vizuri kabisa, ubaya wake ni mmoja, ukiipota kinyume cha msokoto wake inafunguka na kuacha mianya, mvumo unaingia hapo.

Kwa rili ya maiki miye nimeishia kwenye shildi mbili za kusokota zinazokwenda mielekeo miwili tofauti, ya chini kulia ya juu kushoto, ukipota upande wowote moja ikifunguka nyengine inakaza. Nimeziweka zile rili nne za Mji Mkongwe 2019 na mpaka leo naandika hapa hazijaguswa. Kama waya ni wa data, mathalan wa kamera au wa netiweki, hapo nachagua ya kusuka kwa nyuzi laini maana ya kusokota kwenye masafa ya juu inaanza kuwa dhaifu.

Na chini ya shildi lazima pawe na kitu cha kutelezea. Utaona nyaya nzuri zina utepe wa tefloni au wa kitambaa laini au hata karatasi kati ya zile nyaya mbili na shildi, na nyengine zimenyunyiziwa poda kama ile ya mtoto, watu wanadhani ni uchafu wa kiwandani, si uchafu, ndo uhai wa waya. Katikati pia pajazwe nyuzi za pamba ili waya uwe wa duara kamili, kwa sababu kwenye dramu mizunguko ya juu inaikandamiza ya chini na waya ulio na tundu ndani unabanjuka.

Kitu chengine ambacho sisi wa visiwani hatuna ruhusa ya kukisahau ni chumvi. Shaba tupu hapa kwetu inaota kutu ya kijani na inapanda ndani ya ganda kutoka kwenye ncha mpaka sentimita nyingi, nimepasua waya wa sehemu iliyo karibu na pwani nikakuta shildi inavunjika kwa ukucha. Taka shaba iliyopakwa bati, ile yenye rangi ya fedha, na kila ncha uifunge kwa mpira unaojibana kwa moto wenye gundi ndani.

Ganda la nje sasa. Pivisi (PVC) ya kawaida ikikaa imejikunja kwenye joto letu inashika umbo ikawa kama springi na miaka ikienda inakauka. Silikoni ni laini lakini inanata na inachanika, springi itashindwa kuirudisha. Poliyurethini isiyong'aa ndo nzuri kwa kazi hii, inateleza na inastahamili michubuko, maana mchanga unaobaki kwenye mikeka ya chuo unafanya kazi ya msasa kila waya unapoburutwa.

Halafu nguvu ya kuvuta. Watoto watavuta, huwezi kuwakataza, na springi nayo inavuta muda wote. Ndani ya waya pawe na nyuzi za aramidi, zile za Kevlar, na hizo ndo zifungwe kwenye mwili wa plagi na kwenye dramu, ziwe fupi kidogo kuliko nyaya za shaba ili mzigo ubebwe na zenyewe shaba ibaki imelegea. Watu wengi wananunua waya wenye hizo nyuzi kisha wakifika kwenye plagi wanazikata na mkasi kwa sababu hazilehemeki, kazi yote bure! Zifunge fundo, kama unavyofunga mshipi kwenye ndoana.

Rili yenyewe pia iangalie. Dramu iwe angalau mara 10 ya unene wa waya, ya mm 60 ni kwa waya wa mm 6 usizidi, na ukipata waya wa mm 4 au 5 ulio mzuri ndo bora zaidi. Tundu la kutokea liwe na vigurudumu au mdomo mpana wa mviringo, lisiwe ukingo mkali. Hakikisha mizunguko miwili mitatu inabaki kwenye dramu hata mtoto akivuta mpaka mwisho, usiache waya ukavutwa kutoka kwenye fundo lake la ndani.

Na ndani ya dramu umeme unapitaje kwenye kitu kinachozunguka? Rili nyengine zina viringi vya shaba na brashi zinazosugua. Kwa taa sawa, ila sauti ya maiki ni milivolti chache tu, brashi ikipata vumbi unasikia mikwaruzo utadhani waya umekatika, kumbe mzima. Kama zako ni hizo zisafishe kwanza kabla hujalaumu waya, na kama unanunua mpya tafuta zenye brashi mbili mbili kwa kila ringi. Nyengine hazina brashi, zina utepe mrefu wa nyaya uliojiviringisha ndani unaojibana na kujiachia, sawasawa na ile spairo kebo ya usukani wa gari inayopeleka umeme kwenye eabegi. Kwa maiki napenda hii, kimya kabisa, ila ina mizunguko yake maalum, ukiifunga bila kuiweka kati inakatika siku ya kwanza.

Namna ya kuupima waya kabla hujaufunga. Miye nina mota ya waipa ya gari nimeifunga kwenye ubao, inaukunja waya huku na huku juu ya bomba la mm 60 na chini nimening'iniza mzigo wa nusu kilo, mita ya kupimia umeme imeshika shildi. Kwenye spidi ndogo ni kama mara 45 kwa dakika, kwa hiyo ikiachwa usiku kwa muda wa masaa manane ni zaidi ya mara 21,000. Chuo kinachovuta waya mara 20 kwa siku ni kama 7,300 kwa mwaka, ina maana usiku mmoja unakupa karibu miaka mitatu. Waya wa karatasi ya alumini nilipouweka haukufika asubuhi. Kama huna mota basi omba dukani kipande cha nusu mita, wauzaji wa Darajani ukiwaambia vizuri wanakukatia, kipasue sentimita tatu, tazama rangi ya shaba, tazama kama kuna utepe au poda, na jaribu kuivuta shildi kwa vidole, ikiteleza juu ya nyaya za ndani bila kung'ang'ania, nunua.

La mwisho na hili tafadhali sana. Ukienda kuifungua rili kubadilisha waya usitoe mfuniko wa springi wakati springi imekaza. Utepe ule wa chuma ukifyatuka unakata mkono mpaka mfupani, nimeshuhudia. Ushikilie dramu, iachie taratibu mzunguko kwa mzunguko mpaka ilegee, uhesabu ni mizunguko mingapi uiandike kwenye karatasi, kwa sababu waya mpya utakapoutia inabidi urudishe idadi ile ile. Ukishindwa nitumie picha ya ndani na kipenyo cha dramu, nikuambie inatia waya wa unene gani.