Kabla hujanunua sarafu za kumbukumbu, mwaga chenji yako mezani kwanza

Kama unakaa Ujerumani au nchi yoyote inayotumia yuro na umeanza kupenda sarafu, tafadhali usikimbilie kununua mtandaoni. Geuza zile za yuro mbili ulizonazo moja moja. Kuanzia 2006 mpaka 2022 Ujerumani walitoa moja ya kumbukumbu kila mwaka kwenye mfululizo wao wa majimbo, 16 za majimbo na moja ya Bundesrat, baraza la majimbo (2019), na kila jimbo lina jengo lake la kujivunia, 2006 lango la Holstentor la Lübeck, 2011 kanisa kuu la Cologne, 2012 kasri la Neuschwanstein, wakamaliza 2022 na ngome ya Wartburg. Ni hela halali kabisa, unarudishiwa hata ukinunua mkate.

Mimi naipenda zaidi ya 2017, Porta Nigra, lango la Warumi kule Trier. Nilienda nayo mfukoni nikasimama pale nje nikawa naangalia mawe yalivyo meusi, naangalia sarafu, naangalia mawe tena, na ule mnara mmoja mfupi kuliko mwenzake, aisee ukishaona kitu kwa macho yako sarafu yake huitumii tena.

Sasa utaona kuna kaherufi kadogo, A, D, F, G au J. Hiyo ni alama ya mji ilikotengenezwa: Berlin, Munich, Stuttgart, Karlsruhe, Hamburg. Wengine wanataka zote tano za kila jimbo, ila kwa anayeanza naona ni kujichosha bure, pata moja moja kwanza. Isipokuwa ya 2008 ya Hamburg, yenye kanisa la Michaelis: ukiikuta na F igeuze haraka uangalie ramani ya Ulaya upande wa pili, maana kuna chache zilitoka na ramani ya zamani inayoonyesha mipaka ya nchi wakati ilitakiwa iwe ile mpya isiyo na mipaka, na hizo wakusanyaji wanazitafuta kweli na wanalipa.

Zingine zilizopita mikononi mwa watu thamani yake ni yuro mbili basi, zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo mtu akikuandikia "adimu sana" halafu bei ya kutisha, achana naye.

Na nakuomba sana USISAFISHE. Siyo dawa ya meno, siyo ndimu, siyo soda, ukisugua unaacha mikwaruzo ambayo mnunuzi anaiona akiiweka tu kwenye mwanga na bei inashuka hapohapo. Ishike kwa ukingo, na usiiweke kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC, vinaacha utando wa kijani unaonata.

2023 wameanza raundi mpya, Hamburg tena, safari hii ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie, 2024 ikafuata Königsstuhl, lile jabali jeupe la kisiwa cha Rügen. Kwa hiyo ukipewa chenji leo, angalia kabla hujaiingiza kwenye pochi.