Taa ya upepo inawaka alfajiri ya baridi, baadaye inazima yenyewe: usiibandike tepu

Mkuu, umeuliza kwa nini taa ya upepo wa tairi kwenye dashibodi inawaka kila ukiwasha gari alfajiri ya baridi, kisha ukishatembea kidogo inazima. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika: mmoja anasema sensa (kile kifaa cha kupima upepo kilichomo ndani ya gurudumu) imekufa, mwingine "ni baridi tu, achana nayo, bandika tepu", wa tatu anakushauri ujaze naitrojeni. Mimi naendesha kwenye baridi kali karibu nusu ya mwaka, na hilo jibu la "ni baridi tu" ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu lina ukweli nusu.

Nusu ya kweli ni hii. Hewa iliyofungwa mahali ikipoa, presha yake inashuka. Kwa matairi ya magari madogo hesabu ya haraka ni PSI 1 (PSI ndicho kipimo cha presha ya tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazopungua. Ukijaza 32 mchana wa nyuzi 25, alfajiri kukiwa na nyuzi 5 utakuta kama 29. Hakuna msumari, hakuna pancha.

Sasa njoo kwenye nusu ya pili. Taa haiwaki kwa kupungukiwa PSI 3. Kanuni ya Marekani, ambayo tangu 2007 inayabana magari madogo yote mapya, inataka taa iwake upepo ukishuka asilimia 25 chini ya kiwango cha mtengenezaji. Umoja wa Ulaya, kwa magari madogo mapya yote tangu Novemba 2014, unataka asilimia 20. Kwa gari linalotakiwa kuwa na 32, hapo tunazungumzia 24 mpaka 25 na ushee. Wapo watengenezaji wanaoiwahisha kidogo, sawa. Lakini piga hesabu: baridi imekula 3, taa imewaka kwenye 25. Nne zilizobaki nani kazila?

Zimetoka polepole tangu siku uliyopima mara ya mwisho, kama uliwahi kupima. Tairi zima lisilo na kasoro yoyote hupoteza PSI 1 hadi 2 kwa mwezi, upepo ukipenya kwenye mpira wenyewe na kwenye valvu. Joto linakufichia hilo, maana mchana presha inapanda na taa inanyamaza. Baridi ya kwanza ikiingia, matairi yaliyokuwa yamebakiza kidogo kufika kwenye kikomo yanavuka usiku mmoja.

Na kule kuzima kwake kusikudanganye. Tairi likizunguka linajikunja na kujikunjua, mpira unapata moto, hewa ya ndani inapanda PSI kadhaa, sensa inasoma juu ya kikomo na taa inazima. Upepo haujaongezeka hata chembe. Kesho alfajiri utaikuta palepale, na katikati hapo umeendesha na tairi lililolegea, linalokula kingo zake mbili za nje na kuacha katikati, tena kwenye barabara yenye utelezi ambako breki unazihitaji zaidi.

Kwa hiyo pima. Nunua geji (kipimo cha upepo) yako mwenyewe, ile ya kwenye mashine ya kujazia imeangushwa chini na watu wengi mno. Pima kabla gari halijaondoka, likiwa limesimama kwa muda wa saa 3 au zaidi. Kiwango sahihi kiko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa ambayo tairi linaruhusiwa kubeba, na bado nakutana na wajazaji wanaoichukua hiyo. Ukijaza mpaka hapo taa itanyamaza kweli, lakini gari litaruka kila jiwe. Halafu usipunguze upepo wa tairi lililotoka safarini eti kwa sababu geji inasoma 36, likipoa utakuwa umejirudisha kwenye tatizo lilelile. Na kama unajazia ndani ya gereji yenye joto huku nje kuna baridi, ongeza PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za tofauti.

Ukishapima, zitazame namba nne kwa pamoja. Zikiwa 27, 27, 26, 27, hiyo ni baridi na uzembe wa kawaida, jaza uendelee na maisha. Zikiwa 29, 29, 28 na moja 22, hilo la 22 linavuja, na baridi haihusiki, au inahusika kwa njia nyingine. Gari langu lilikuwa na gurudumu moja la nyuma lililotulia kipindi chote cha joto na kuvuja kila baridi ilipoingia. Maji ya sabuni kwenye valvu hayakutoa kitu. Tukamwaga pale tairi linapokutana na rimu, tukasubiri, povu dogo jeupe likaanza kuumuka sehemu moja tu, taratibu, upana wa kidole. Fundi alipolivua tairi, ukingo wa rimu ulikuwa na unga mweupe, aluminiamu imeliwa na chumvi na unyevu. Mpira ukiwa na joto ni laini, unajaza vile vishimo. Ukipigwa na baridi unakakamaa na upepo unapata njia. Akasugua kwa brashi ya waya, akapaka gundi ya kuzibia, hadithi ikaishia hapo.

Kuhusu sensa kufa: taa ingekuambia tofauti. Mfumo ukiwa na hitilafu, kwa kawaida taa inapepesa kama dakika moja hivi kila ukiwasha gari, kisha inabaki imewaka. Mara nyingi ni betri ya sensa, ambayo imo ndani ya gurudumu na hudumu miaka 5 hadi 10. Betri iliyochoka huzidiwa na baridi, kwa hiyo ukiona kupepesa asubuhi tu, sensa inakuaga. Taa yako haipepesi, basi sensa iache.

Kuna magari yasiyo na sensa ndani ya tairi kabisa, yanahesabu mizunguko ya magurudumu kupitia ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki. Tairi lililopungua linakuwa na kimo kidogo, linazunguka haraka kuliko wenzake. Kama lako ni la aina hiyo, ukijaza lazima uuanzishe mfumo upya, na ujue kwamba matairi manne yakishuka sawasawa kwa baridi mfumo unaweza usigundue.

Naitrojeni? Hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni asilimia 78, na ikipoa presha inashuka vilevile. Naitrojeni tupu inavuja polepole kidogo na haina unyevu, basi.

Fanya hivi: kesho alfajiri kabla hujawasha gari pima yote manne, na la akiba pia kwa sababu baadhi ya magari yana sensa mpaka humo. Rudi uziweke namba hapa pamoja na ile ya kwenye kibandiko, tuone kama unahitaji upepo au unahitaji fundi.