Natoka jela, naambiwa niende soba hausi: si jela nyingine hiyo?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 33, mtu wa Temeke. Nilibwia unga, yaani heroini, miaka saba, nikafungwa miaka miwili na nusu kwa wizi. Ndani nilipigwa na arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, nusura nife, ikapita, sijagusa tena. Nimetoka siku tisa zilizopita, niko kwa dada. Mama anataka nirudi nyumbani, amechanga hela anitolee bodaboda. Dada anasema nianzie soba hausi, nyumba ya kukaa watu wanaoacha dawa za kulevya. Mimi naona ni kutoka jela kuingia jela. Juzi mshikaji wangu wa zamani alinipa kete ya unga ya bure, nikamrudishia, ila usiku ule sikulala. Halafu Shangazi, niliwahi kuuza mtungi wa gesi wa mama. Naona aibu hata kuingia jikoni kwake. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Naanza na hiyo kete, maana mengine yote yanaweza kusubiri.

Mwili ulio nao leo umeshausahau unga. Kipimo ulichokuwa ukibwia asubuhi kabla ya chai, sasa kinatosha kukukata pumzi. Huko jimbo la Washington, Marekani, watafiti walifuatilia zaidi ya watu 30,000 waliotoka gerezani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007: wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote, na kilichoongoza kuua ni kuzidisha dawa. Wewe uko siku ya tisa. Kaa na dada yako leo hii, umwambie: akikukuta umelala huamki, unakoroma kwa kukwama, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, asikumwagie maji wala asikunyweshe maziwa. Akulaze ubavu, kinywa kiwe wazi. Ukiacha kupumua akulaze chali, akupulizie pumzi mdomoni, na watu watafute usafiri huku anaendelea. Hospitali aseme wazi kwamba ni unga, ili wakupe nalokisoni, dawa inayoondoa nguvu ya unga mwilini ili pumzi irudi. Familia nyingi husema "ameanguka tu" kwa kuogopa polisi, na dakika zinapotea hapo.

Sasa hiyo jela yako ya pili. Sikulaumu kuogopa, zipo nyumba zinazostahili jina hilo. Kwa hiyo usipelekwe. Nenda mwenyewe mchana na dada yako, kabla ya kulipa hata shilingi, ukague. Angalia komeo la mlango wa chumba cha kulala liko upande gani. Likiwa nje, mtu anafungiwa, geuka urudi. Kemea moyoni ukiona minyororo, fimbo, au mtu mwenye alama za kipigo, na usikubali kuambiwa ndiyo tiba. Hesabu vitanda na vichwa. Uliza nani anakuja mtu akiugua usiku, kama kuna muuguzi au hospitali wanayoshirikiana nayo. Uliza ada ya mwezi inajumuisha nini, chakula, sabuni, dawa, na ukiondoka katikati hela inarudi au hairudi. Omba waoneshe usajili, na uulize kama Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inawatambua. Wenye nyumba safi hawakasirikii maswali haya.

Kubanwa kidogo kutakuwepo. Nyumba nyingi huzuia simu na wageni wiki za mwanzo, mnaamka mapema, mnafanya usafi na kupika kwa zamu, kuna mikutano ya kuzungumza kila siku. Mwanzoni itakuchosha. Lakini arosto ulishamaliza, wewe huendi kule kuugua. Unakwenda kutafuta kitanda kilicho mbali na yule mshikaji, na watu watakaokuuliza saa mbili usiku umeshindaje. Gerezani ulipangiwa hata saa ya kula. Kuchagua mwenyewe ni kazi inayojifunzwa upya, na ni heri kujifunzia mahali ambapo kosa la siku moja halikurudishi kijiweni.

Wengi huangukia kwenye kutoka. Mtu anakaa miezi minne vizuri, anaagwa kwa keki, anashuka kwenye daladala kituo kilekile, jioni hiyohiyo amerudia. Siku unayoingia, waulize watakutoaje. Utaratibu mzuri ni wa ngazi: ukishakaa sawa, unafanya kazi mchana na kurudi kulala kwao, kwa miezi miwili mitatu. Halafu unalala nyumbani usiku mmoja wa wikiendi, baadaye mbili, ndipo unahama, na mikutano unaendelea nayo. Nyumba isiyo na jibu la swali hili, itafute nyingine.

Kama nafasi au ada haitapatikana, au ukibwia hata mara moja, usisubiri kuzama. Methadoni, dawa inayozuia arosto na hamu ya unga, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na hapo Temeke hospitali ina kliniki. Ni bure, unainywa kila siku mbele ya mhudumu, na wao watakupima waone kama inakufaa. Usiichanganye na pombe wala valiamu, vile vidonge vya kutuliza, zikikutana pumzi hukatika. Ukikosa siku tatu mfululizo usidai dozi yako ya zamani, maana wanaipunguza kwa usalama wako. Na soba hausi nyingine hazipokei mtu wa methadoni, hivyo ulizia mapema.

Kapime na kifua kikuu, kwa sababu mabweni ya gerezani yanakiambukiza upesi. Ukikutwa nacho ukiwa kwenye methadoni, waambie kliniki zote mbili. Rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB huifanya methadoni iishe haraka mwilini, na arosto inarudi ndani ya wiki moja au mbili. Wagonjwa hudhani wameibiwa dozi, wanarudi kwenye unga au wanaacha dawa za TB. Dawa ni kuongezewa methadoni, kisha kupunguziwa taratibu TB ikiisha.

Bodaboda, hapana kwa sasa. Mama anakupenda, lakini ile ni kazi ya hela taslimu mfukoni tangu asubuhi, hesabu ya mwenye chombo, na saa nzima za kukaa kijiweni bila abiria. Hela yake iingie kwenye ada. Wewe shughulikia karatasi: barua ya serikali ya mtaa, namba ya NIDA, laini mpya ya simu isiyo na majina ya zamani. Afisa ustawi wa jamii wa kata anaweza kukuandikia barua ya utambulisho ukitafuta kibarua.

Kuhusu mtungi, usimwahidi mama kitu. Maneno yako ameyasikia miaka saba. Siku utakayolala kwake mara ya kwanza, ingia jikoni umwombe msamaha kwa kuutaja mtungi wenyewe, usiseme "yote niliyokukosea". Ukianza kibarua, mpe elfu tano kila wiki mpaka utimie, na usikasirike akikuficha pochi.

Dada yako akipata nafasi Jumatatu, nendeni mkaague nyumba ya kwanza. Fikeni muda wa chakula cha mchana, mle nao, halafu uombe kuuona mlango wa chumba.