Maswali ya Wasomaji: Dominica, Ziwa Linalochemka na Chakula cha Kisiwani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kisiwa kimoja, Dominica, kilichoko katika Bahari ya Karibi kati ya Guadeloupe na Martinique. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yanaweza kumwokolea mtu fedha, mguu au tumbo. Yale ya bei za ndege nimeyaacha, kwa kuwa bei nitakayoiandika leo haitadumu hadi wiki ijayo.

Je, Dominica ndiko kuliko na Punta Cana? (Msomaji wa Morogoro)

Hapana. Punta Cana iko katika Jamhuri ya Dominika, nchi inayozungumza Kihispania na kupakana na Haiti. Dominica ni nchi nyingine kabisa, yenye watu wapatao 70,000, iliyopata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 3 Novemba 1978, na watu wake huzungumza Kiingereza pamoja na Krioli yenye asili ya Kifaransa. Swali hili hurudi kila nikitaja kisiwa hiki, na wanaoliuliza mara nyingi wameshakata tiketi ya Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika. Kabla ya kulipa, soma jina la uwanja wa ndege unakoshukia: uwanja mkuu wa Dominica unaitwa Douglas-Charles.

Fukwe zake ni nyeupe? (Msomaji wa Arusha)

Si kama za Unguja. Kisiwa ni cha volkeno na mchanga mwingi ni mweusi au wa kijivu, kwa hiyo anayetafuta mchanga mweupe wa kulalia aende Antigua na asitulaumu.

Nataka kuwapeleka wanangu wa miaka minane na kumi na mmoja kwenye Ziwa Linalochemka. Ramani ninayo kwenye simu. Kuna haja gani ya kumlipa mwongozaji? (Mama wa watoto wawili, Nairobi)

Haja ipo, mama, na kwa watoto wa umri huo safari yenyewe haipo. Njia inaanzia karibu na korongo la Titou, juu ya kijiji cha Laudat, na kwenda na kurudi ni takriban kilomita 13, ambazo mtu mzima mwenye pumzi huzitembea kwa saa sita au saba. Kilomita hizo zisikudanganye kwa uchache wake. Unateremka hadi mto uitwao Breakfast River, unapanda Morne Nicholls ambao unakaribia mita 1,000, kisha unashuka kwa mikono na miguu hadi Bonde la Ukiwa, mahali ambapo mvuke wa salfa unatoka ardhini, vijito ni vya moto na udongo una rangi za kutu, maziwa na majivu. Hapo ndipo ujira wa mwongozaji unapojieleza wenyewe, kwa sababu gamba la ardhi ni jembamba katika sehemu fulani, na mtu anayelikanyaga bila kujua huzama mguu katika matope yanayochemka. Ramani ya simu inakuonyesha mstari. Haikuambii ni jiwe lipi linabeba uzito wa mtu.

Ziwa lenyewe, lenye upana wa mita 60 hivi, ni tundu la mvuke wa volkeno lililofurika maji, na maji ya kingoni yamepimwa kati ya nyuzi 82 na 92 za Selsiasi. Halitabiriki. Kati ya mwisho wa 2004 na mwaka 2005 maji yalikauka kisha yakarudi. Hakuna anayeogelea humo, na namwomba yule kijana aliyeniandikia akiuliza kama anaweza kuchemshia mayai kingoni abaki nyumbani.

Nina neno la ziada ambalo hukuliuliza. Kimbunga Maria, kilichopiga Dominica tarehe 18 Septemba 2017 kikiwa cha daraja la tano, kilivunja nyumba, mashamba na misitu karibu kisiwa kizima, na waongozaji ni miongoni mwa watu waliozifungua upya njia za milimani kwa panga na misumeno. Mtu anayelipia chumba chenye bwawa la kuogelea bila kupepesa macho, kisha akasimama barabarani Laudat kubishana na mwongozaji ili apunguziwe dola kumi, ananikera kuliko mbu wa jioni. Wanao wapeleke Emerald Pool, ambako mwendo ni mfupi na mwishoni kuna maporomoko madogo, au Trafalgar, ambako utayaona maporomoko mawili, yaitwayo Mama na Baba, bila kuyaparamia mawe. Sehemu zote hizi ziko ndani au pembezoni mwa hifadhi ya Morne Trois Pitons, iliyotangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1997. Ziwa litawasubiri wakue.

Meli yetu ya kitalii itafika Roseau, mji mkuu wa Dominica, saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Nimepanga Ziwa Linalochemka, Champagne, Trafalgar na eneo la Wakalinago. Nianze na lipi? (Msomaji wa Toronto)

Anza kwa kufuta mawili. Ziwa linakula siku nzima, na eneo la Wakalinago, wenyeji wa asili wa kisiwa, liko pwani ya kaskazini-mashariki, ng'ambo ya milima, kwa barabara yenye kona nyingi kiasi kwamba umbali wa kwenye ramani hauna maana. Yaliyobaki yako karibu na Roseau: asubuhi ogelea Champagne kwa miwani na mrija, mahali ambapo gesi ya volkeno inapenya sakafu ya bahari na kupandisha viputo kati ya matumbawe, halafu panda Trafalgar, na ukibakiwa na saa moja loweka mwili katika maji ya salfa ya Wotten Waven. Meli haimsubiri abiria aliyechelewa. Na usirudi melini kula chakula cha mchana, jambo ambalo wengi wenu hulifanya, wakaacha nyuma yao kisiwa kilichobeba msongamano wao bila kuwauzia hata sahani moja.

Nimeambiwa watu wa huko wanakula magimbi, ndizi mbichi na shelisheli. Hivyo ninavyo kwetu Unguja. Kwa nini nisile chakula cha hoteli ambacho nimeshakilipia? (Msomaji wa Mkunazini)

Nimelisubiri swali hili. Kuwa na kiungo kimoja hakufanyi jiko kuwa moja, na anayekula bufee ya kuku wa jokofu kwa siku saba ndani ya kisiwa chenye udongo kama ule amesafiri kwa macho tu.

Shelisheli lilifika Karibi mwaka 1793, pale nahodha William Bligh alipoleta miche kutoka Tahiti hadi Saint Vincent na Jamaica, ili wenye mashamba ya miwa wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Samaki wa chumvi naye, anayetoka bahari baridi za kaskazini, aliletwa kwa sababu hiyo hiyo. Vyakula hivyo vya kushurutishwa wajukuu wa watumwa wamevifanya vyao. Shelisheli zima huwekwa juu ya makaa hadi ganda liwe jeusi, likamenywa na kuliwa likiwa na harufu ya moshi. Samaki wa chumvi hulowekwa, akachambuliwa na kukaangwa pamoja na vitunguu na pilipili, akaliwa asubuhi na mkate wa kukaanga uitwao beki, ambao mtu wa Unguja atautambua kuwa ni binamu wa andazi lisilo na sukari. Samaki huyo huyo, au wa kubanikwa, akipikwa katika tui zito la nazi huitwa sankoshi, na hapo mpwani yeyote atajua aendako kijiko.

Kalalu, supu ya majani machanga ya magimbi na tui, mara nyingi ikiwa na kaa, ndiyo iliyotangazwa kuwa chakula cha taifa mwaka 2013. Usimsogelee mpishi anayeiharakisha: majani ya magimbi yasipoiva sawasawa huwasha koo vibaya, na hilo watu wa kwenu wanalijua. Nenda soko la Roseau Jumamosi alfajiri, karibu na mlango wa mto, ununue ndizi, pasheni, mdalasini na vijiti vya kakao, kisha uulize ni mama gani anapika jirani. Kakao ya huko husagwa ikakandwa kuwa kijiti, nacho hukunwa ndani ya maji ya moto pamoja na mdalasini na kungumanga; ni kinywaji kizito, chenye mafuta yanayoelea juu, na aliyezoea ya kopo atashtuka.

Naongeza onyo. Pilipili yao ya mviringo ni kali na ina harufu nzuri inayodanganya, kwa hiyo ombeni mchuzi wake pembeni. Samaki wakubwa wa matumbawe, hasa mzia, wanaweza kubeba sumu ya siguatera ambayo haina harufu, haibadilishi ladha na haiondolewi na moto wala ndimu. Muulize mvuvi wa mahali hapo ni samaki gani wanaoliwa na ni wapi wanavuliwa, nawe umsikilize.

Mimi ni Muislamu. Nitakula nini? (Msomaji wa Tanga)

Utakula vizuri, ukiwa na mdomo wa kuuliza. Tatizo kubwa ni mkia wa nguruwe wa chumvi, unaotiwa katika kalalu na katika maharage bila mtu kuona haja ya kuutaja, kwa kuwa kwao ni kiungo kama kitunguu. Uliza kabla chungu hakijafunikuliwa, wala usiridhike na jibu la "hakuna nyama". Ramu nayo huingia kwenye keki na vinywaji vya matunda. Njia rahisi ni samaki, vyakula vya shambani, na vibanda vya Marasta wanaopika ital, yaani chakula cha mimea kisicho na nyama, kilichoungwa kwa nazi na viungo, mara nyingi bila chumvi. Hata asiye Muislamu ningempeleka huko.

Rafiki yangu alikula "kuku wa mlimani" zamani na anasema ndiyo ladha halisi ya Dominica. Nitampata wapi? (Msomaji wa Muscat)

Humpati, na usimtafute. Huyo si kuku bali ni chura mkubwa anayeishi Dominica na Montserrat pekee. Mwaka 2002 kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura aliingia Dominica na kuwamaliza karibu wote katika muda mfupi, wakati tayari walikuwa wamepunguzwa na sufuria. Kumwinda ni marufuku. Mtu akikunong'oneza kwamba anaye jikoni, ama anakuuzia kitu kingine ama anauza mmoja wa wale wachache waliobaki, na katika hali zote mbili uinuke mezani.

Naweza kuogelea na nyangumi? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Kwa kibali cha serikali na kampuni yenye leseni tu. Asiye navyo abaki juu ya boti. Nyangumi wanaoonekana pwani ya magharibi ni wale wakubwa kuliko wote wenye meno, na kundi lao linaishi hapo mwaka mzima, ingawa Novemba hadi Machi ndiyo miezi inayopendelewa. Mwaka 2023 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya karibu kilomita za mraba 800 kwa ajili yao. Nahodha anayekuahidi kwamba utawagusa mkimbie.

Eneo la Wakalinago linafaa kutembelewa, au ni maonyesho ya watalii? (Msomaji wa Kampala)

Wakalinago ni wenyeji walioishi Karibi kabla ya Columbus, na eneo lao la takriban kilomita za mraba 15 lilitengwa rasmi mwaka 1903. Wanaoishi humo ni kama watu 3,000, na ardhi yao ni ya pamoja. Nenda na mwongozaji wa kwao, kula mkate wa muhogo uliokunwa, ukakamuliwa na kuokwa juu ya bamba kubwa la chuma, nunua kikapu kutoka kwa aliyekisuka, na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Ukienda hivyo si maonyesho.

Nipitie wapi kutoka Afrika Mashariki, na viza gani? (Wasomaji kadhaa)

Hakuna ndege ya moja kwa moja. Kupitia Miami kunahitaji viza ya Marekani hata kama hutatoka uwanjani, na hapo ndipo wengi wanapoangukia. Kupitia Guadeloupe au Martinique, ambako kuna boti za abiria, kuna mtego wake: ni ardhi ya Ufaransa, lakini viza ya kawaida ya Schengen haitoshi isipoandikwa kuwa inafaa kwa maeneo hayo ya ng'ambo. Barbados na Antigua zina masharti yao. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho hutakiwa kwa msafiri anayetoka nchi zenye ugonjwa huo. Kukisahau ni uzembe usio na sababu kwa mtu wa ukanda wetu.

Kuna nyoka? (Msomaji wa Bujumbura)

Wapo, lakini hakuna mwenye sumu. Ogopa mti wa ufukweni uitwao manchineel, wenye tunda dogo kama tofaa la kijani: utomvu wake huunguza ngozi, tunda lake ni sumu, na kujikinga na mvua chini yake huleta malengelenge.

Hoteli za Septemba ni nusu bei. Nikate? (Msomaji wa Kigali)

Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Punguzo hilo hulipewi kwa wema. Ukiamua kwenda, soma bima yako kuona kama inalipia kimbunga, na usitegemee kufika ziwani. Hatari haiko kwenye upepo pekee: dhoruba ya Erika, mwezi Agosti 2015, iliua watu kwa mafuriko na maporomoko ya udongo bila hata kuwa kimbunga kamili. Kwa wanaokwenda msimu wowote ule, msiingie korongo la Titou mkiona maji yamegeuka rangi, hata kama jua linawaka juu yenu, kwa sababu mvua inayojaza korongo hunyesha milimani. Februari hadi Mei ndiyo miezi mikavu, kwa kiasi ambacho kisiwa hicho hujua kukauka.

Nguo za kupandia mlima nilizonazo ni za mabaka ya kijeshi. Zinafaa? (Msomaji wa Mwanza)

Hazifai, wala za mtoto wako. Raia kuvaa mabaka hayo ni kosa la kisheria Dominica na katika visiwa kadhaa vya jirani, na zitachukuliwa uwanjani. Nunua suruali nyepesi ya rangi moja inayokauka haraka, na viatu vyenye meno ambavyo umeshavivaa vikalainika kabla ya kusafiri.